Tenki la mtumba: "safisha vizuri" si ushauri

Wiki hii nilikuwa nimeahidi kuandika kuhusu chakula cha vifaranga, naomba mnisamehe, kitasubiri. Kuna simu nilipigiwa Jumamosi asubuhi ambayo imeninyima raha, na nadhani ni bora niiseme hapa hapa kuliko kuendelea kujifanya mtaalamu asiyekosea.

Kijana mmoja wa kata yangu amenunua matenki manne ya mtumba, yale meupe ya lita 1,000 yenye fremu ya chuma kuzunguka. Ameyapata kwa bei chini ya nusu ya tenki jipya la ukubwa huo. Kabla ya kuyatumia alinipigia: "Shikamoo bwana samaki, nimeyapata matenki, sasa niyafanyeje?" Nilikuwa kwenye pikipiki, barabarani, nikamjibu, "Marahaba, yasafishe vizuri kisha weka samaki." Nikakata simu. Sekunde kumi hazikufika.

Sasa yeye akasafisha vizuri, kwa maana anayoijua yeye. Jioni akamwaga sabuni ya unga, akasugua, akasuuza. Kisha, kwa kuwa anataka usafi wa kweli, akamimina jiki chupa mbili mbili kila tenki bila kupima, akazungusha, akasuuza tena kuta. Asubuhi akajaza maji, mchana akaweka vifaranga 1,200 vya kambale. Kufikia jioni walikuwa wanaelea. Kambale jamani, samaki anayevumilia tope mpaka tunamtania! Nilipofika kesho yake nikafungua koki ya chini ya tenki la kwanza, na harufu ya jiki ikanipiga puani kabla sijainama. Kuta alizisuuza. Bomba na koki hakuvigusa, na jiki kali ikabaki imelala humo ikisubiri maji.

Hela ya vifaranga ni yake. Kosa nasema ni langu, angalau nusu.

Ndiyo maana nina neno na maafisa ugani wenzangu kabla sijafika kwenu vijana. Tumezoea maneno ya jumla: safisha vizuri, tumia dawa kwa kiasi, suuza vya kutosha. Kwa mtu aliyekulia kwenye ufugaji maneno hayo yanatosha, maana macho yake yanajua. Kijana aliyetoka chuoni au kwenye bodaboda na kuingia kwenye samaki kwa mkopo wa kikundi hana macho hayo bado. Anataka mililita, anataka dakika. Tukimnyima namba atajitungia zake, na zake zitakuwa chupa mbili mbili.

Kuna wenzangu watasema nawatisha vijana, kwamba watu wamefuga samaki kwenye mapipa miaka yote na hawakufa. Ni kweli. Ila yule wa mapipa alikuwa na samaki thelathini wa mboga ya nyumbani. Wewe una elfu, umelipia vifaranga, umelipia chakula, na kuna mtu wa hoteli umemwahidi kilo. Biashara haina nafasi ya kubahatisha kwenye hatua ambayo gharama yake ni jiki, brashi na siku chache za kusubiri.

Kwanza uliza lilikuwa na nini

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo mkali kuliko sehemu nyingine yoyote: tenki ambalo huwezi kujua lilibeba nini, liache. Hata kama ni la bure.

Yale matenki meupe ya fremu hayakutengenezwa kwa ajili ya samaki. Huja nchini yakiwa na bidhaa, na bidhaa hizo ni nyingi: mafuta ya kula, sharubati nzito, sabuni ya maji, gundi, rangi, tindikali, mafuta ya mashine, viuatilifu vya mashambani. Plastiki yake si kama glasi. Mafuta, viyeyushi na viuatilifu huingia ndani ya plastiki yenyewe, kisha hutoka polepole kwenye maji kwa muda mrefu. Unaweza kusugua mpaka mkono uchoke na kilichomo ndani ya ukuta kisitoke. Mwongozo wa kimataifa wa FAO na WHO kuhusu viuatilifu unakataza kabisa vyombo vilivyobeba viuatilifu kutumika tena kwa maji au chakula, na samaki ni chakula. Hata samaki wakiishi, kuna mtu atawala.

Kwa hiyo tafuta lebo au bamba kwenye fremu. Ukikuta alama ya hatari, zile pembe nne zilizosimama kwa ncha zenye picha ya fuvu, moto au samaki aliyekufa kando ya mti mkavu, ondoka. Kama lebo imebanduliwa muulize muuzaji, halafu usimwamini sana. Fungua kifuniko, ingiza pua (kwa tahadhari, usivute kwa nguvu). Jaza ndoo moja ya maji ya moto, funga, acha nusu saa juani, kisha nusa tena. Harufu ya kemikali ikirudi, hilo si lako. Dada mmoja ninayemhudumia alifika kwa muuzaji akakuta matenki sita yanayong'aa, akafanya jaribio hilo la maji ya moto, likatoka harufu kama ya rangi ya mlango. Akageuza gari aliyokodi ikarudi tupu, akachimba bwawa la turubai. Alipoteza nauli tu.

Hata tenki lililobeba chakula lina kazi yake. Mafuta ya kula yakibaki yanatengeneza utando juu ya maji na kuzuia hewa kuingia. Hapo sabuni inahitajika kweli, nami siikatai, ila tumia kidogo, ya maji isiyo na manukato, na suuza mpaka povu liishe kabisa, kisha suuza mara mbili nyingine. Sabuni inaharibu ute unaokinga ngozi na matamvua ya samaki. Kama hakuna mafuta, usitumie sabuni kabisa. Maji, brashi na nguvu vinatosha.

Aina ya pili ni tenki lililokuwa na samaki tayari. Watu hulipenda zaidi, "hili limeshazoea samaki". Mimi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kwa upande wa magonjwa. Mfugaji anayeuza matenki yake yote kwa mkupuo, muulize kwa nini anaacha. Wengine wamehama, wengine wameishiwa mtaji, na wengine samaki wao walikufa. Bakteria wa vidonda na kuoza mapezi, wale wa Streptococcus, vimelea vya madoa meupe, ukungu wa mayai, wote wanaweza kusafiri ndani ya unyevu uliobaki kwenye bomba, wavu au jiwe la hewa. Kwa perege na sato kuna virusi vya tilapia, vilivyotambuliwa na watafiti mwaka 2014 kule Israeli. Mwaka 2017 FAO ilitoa tahadhari ya dunia nzima juu yake, na mwaka 2018 watafiti walichapisha kwamba wamevikuta kwenye sato wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa kwetu. Havimdhuru mlaji. Lakini hakuna dawa ya kuvitibu, na unayepata hasara ni wewe.

Na wewe unayeuza: ukiuza tenki la ugonjwa ukanyamaza, umeuza ugonjwa. Najua una shida ya hela wakati huo. Mwambie tu mnunuzi, mpunguzie elfu ishirini, akajue pa kuanzia.

Kusafisha ni kazi moja, kutakasa ni nyingine

Hili ndilo nililopaswa kulisema kwenye ile simu. Kusafisha ni kuondoa uchafu unaoonekana na ule unaoguswa. Kutakasa ni kuua vijidudu vilivyobaki. Huwezi kuruka la kwanza, kwa sababu klorini iliyo ndani ya jiki haichagui: ikikuta mwani, mabaki ya chakula na kinyesi, inamalizikia huko, na vijidudu vilivyojificha chini ya ule utelezi vinabaki vinacheka. Mtu anayemimina jiki kwenye tenki chafu anatakasa uchafu.

Kwa hiyo anza kukiwa kukavu. Toa kila kinachotoka: koki, mabomba, pampu, mawe ya hewa, vifuniko. Kwangua kwanza ukoko ukiwa mkavu, kisha ingiza maji na brashi ngumu. Sugua mpaka ukipitisha kidole ukuta ukwaruze, usiteleze. Pembe za chini na uzi wa koki ndiko kwenye maficho. Sponji za zamani, mbao, changarawe, kamba zilizochakaa: tupa. Vitu vyenye vinyweleo havitakasiki kwa uhakika na bei yake haifai kubishaniwa.

Vaa glavu, tafadhali, hasa ukiwa na mchubuko. Kuna bakteria mmoja wa ukoo wa kifua kikuu, Mycobacterium marinum, anayeishi kwenye vyombo vya samaki na kuingia mkononi kupitia kidonda kidogo. Anatoa vinundu visivyopona kwa wiki nyingi, na tiba yake ni ndefu. Huyo hata klorini anaivumilia kuliko wenzake, ndiyo maana kusugua na kukausha kuna maana kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Ukikuta ukoko mweupe wa chokaa, siki inautoa. Paka, subiri, sugua, halafu suuza kwa maji mengi mpaka harufu ya siki iishe kabisa kabla hujaleta jiki karibu. Nasema hili kwa sauti: siki au tindikali yoyote ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, na ndani ya tenki lenye mdomo mdogo gesi hiyo inaweza kukuua. Usichanganye jiki na sabuni ya chooni, wala na kitu chenye mkojo au amonia. Usiingize kichwa ndani ya tenki lenye jiki. Kazi hii ifanyike nje, penye upepo, miwani usoni, watoto mbali.

Sasa namba

Kipimo kinachotumika sana kwa vyombo vya ufugaji samaki ni miligramu 200 za klorini kwa kila lita ya maji, kwa saa moja. Angalia chupa yako imeandikwa asilimia ngapi, kisha fanya hesabu hii: lita za maji zidisha kwa 200, gawanya kwa asilimia ya jiki uliyoizidisha kwa 10. Jibu ni mililita.

Tuchukue chupa iliyoandikwa 3.5%. Tenki la lita 1,000 likijazwa lote: 1,000 mara 200 ni 200,000, gawanya kwa 35, unapata kama mililita 5,700, yaani lita tano na zaidi ya nusu. Ni nyingi, najua. Ukitumia klorini ya unga ya mabwawa ya kuogelea yenye nguvu ya 65%, unahitaji gramu 308 tu kwa tenki hilo hilo. Wenye matenki mengi wanunue ya unga, ni nafuu zaidi na haichukui nafasi, ila iwekwe mahali pakavu mbali na mafuta na dizeli kwa sababu inaweza kuwasha moto. Na siku zote tia unga kwenye maji, usimimine maji juu ya unga.

Lakini si lazima ujaze tenki. Chukua ndoo ya lita 20, weka mililita 115 za hiyo jiki ya 3.5% (chini kidogo ya nusu ya kikombe cha chai), na kwa brashi au pampu ya kunyunyizia lowesha kuta zote, sakafu, kifuniko kwa ndani. Ukuta unakauka haraka kwa jua letu, kwa hiyo rudia kila dakika kumi ili ubaki umelowa saa nzima. Mabomba, koki na nyavu vitumbukize ndani ya ndoo hiyo, vikae humo saa hiyo hiyo. Nyunyizia nje ukiwa umesimama upande upepo unakotoka.

Ipo njia nyingine: miligramu 10 kwa lita, tenki likiwa limejaa, kwa saa 24. Hapo tenki la lita 1,000 linataka mililita 290 hivi za jiki ile ile. Ni rahisi kwa mfuko, nami naikubali kwa tenki ambalo limesuguliwa sawasawa na historia yake ni nzuri. Kama lina historia ya vifo, usibane matumizi, tumia ile ya 200. Kwa njia zote mbili fanya jioni au kivulini, maana jua linaivunja klorini haraka. Na jiki iliyokaa dukani juani miezi mingi imepungua nguvu hata kama lebo haijapungua. Nunua ya karibuni, isiyo na manukato wala ile nzito iliyochanganywa sabuni.

Muda ukiisha, fungua koki maji yapite kwenye bomba kwanza. Suuza mara tatu, kila mara koki ikiwa wazi. Maji ya jiki usiyaelekeze bwawani, mtoni wala karibu na kisima. Yaache juani kwenye chombo cha wazi siku mbili tatu, kisha yamwage kwenye ardhi kavu isiyo na mazao. Mwenye haraka anaweza kuua klorini kwa sodiamu thiosulfati, uzito wake kama mara saba ya uzito wa klorini uliyoweka. Kwa tenki letu lenye gramu 200 za klorini ni kilo 1.4. Kwa mfugaji mdogo jua ni bure.

Halafu anika. Hatua hii watu huiruka kwa sababu haionekani kama kazi. Geuza tenki mdomo juani, koki wazi, wiki nzima kama unaweza. Ukavu na jua vinaua vingi vilivyoponyoka klorini, na harufu inaondoka.

Kwa haraka kuhusu matenki mengine. Ya glasi, angalia gundi ya pembeni. Ukilazimika kuziba upya usitumie silikoni ya bafuni yenye dawa ya ukungu, inaua samaki. Ya zege la zamani yanywesha maji na kuyamwaga mara kadhaa, na pima pH kabla ya kuweka samaki. Ya bati la zinki sipendi kabisa, kwa sababu zinki ikiyeyuka kwenye maji ni sumu kwa samaki, na klorini inaozesha bati lenyewe.

Na kama umenunua mfumo mzima wenye kichujio cha kuzungusha maji, jua kwamba klorini imeua pia bakteria wazuri wanaobadili amonia. Tenki ni safi lakini ni changa. Itachukua wiki nne mpaka sita kichujio kikomae, kwa hiyo anza na samaki wachache, chakula kidogo, na pima amonia. Nimeona watu wakitakasa vizuri kabisa kisha wakapoteza samaki kwa amonia wiki ya pili na kulaumu jiki.

Samaki wa kupima

Tenki likishajazwa maji, liache siku mbili likiwa na hewa. Maji ya bomba nayo yana klorini, kumbuka. Duka la vifaa vya mabwawa ya kuogelea lina karatasi za kupimia klorini; zinapaswa kuonyesha sifuri. Sifuri, si "kidogo". Kisha weka vifaranga kumi au kumi na tano tu, siku tatu. Waangalie asubuhi na mapema: wanakula? Wanapumulia juu ya maji? Wanajisugua ukutani? Kipimo hiki hakitakuonyesha sumu inayotoka polepole kwenye plastiki, ndiyo maana nilisisitiza kuuliza historia kwanza. Lakini kingeokoa wale 1,200.

Ukijumlisha yote ni kama siku kumi na nne tangu ununue mpaka uweke samaki wa biashara. Kwa mwenye mkopo wa halmashauri siku hizo zinauma, marejesho hayasubiri tenki likauke. Ushauri wangu kwa vikundi: nunueni matenki kabla ya kulipia vifaranga, si siku hiyo hiyo. Mwenye vifaranga aliyepokea hela yenu atawaletea, tenki liwe tayari au lisiwe tayari.

Yule kijana hakunitukana, ingawa alikuwa na haki. Tulikaa chini ya mwembe tukafanya hesabu upya kwa kalamu. Moja kati ya yale manne tulilikataa. Maji ya moto yalitoa harufu ya gundi, analitumia sasa kuwekea vifaa vya ujenzi. Matatu tulisugua pamoja, nikashika brashi mwenyewe, tukatakasa, tukaanika. Jumatatu aliweka vifaranga kumi na tano kwenye la kwanza. Leo Alhamisi nimempigia: wote kumi na tano wanakula.